Mama Chekeche na Vifuniko Viwili

Alipoajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kazi yake ilikuwa kufagia na kupiga deki. Alikuwa na miaka ishirini na minne, binti mdogo, na mume fundi cherehani aliyekuwa ndiyo kwanza anatafuta wateja. Kilichomkera ni maabara ya udongo. Mafundi wa pale walichekecha kwa pupa, vumbi likatapakaa hadi kwenye vizingiti vya madirisha, na wa kulifuta alikuwa yeye. Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Hebu lete," alimwambia fundi mmoja. "Unga wa kwako nyumbani ungeuchekecha hivyo?"

Akalichukua lile chekeche, akalizungusha taratibu, udongo ukashuka laini, juu vikabaki vijiwe na mizizi tu. Mkuu wa maabara alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Mwezi uliofuata ufagio ukakabidhiwa mtu mwingine.

Hiyo ni miaka ishirini na miwili iliyopita. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Ni Mama Chekeche, hata kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani. Alijifunza kukausha udongo kwenye sinia, kuupima, kusoma vipimo. Mafundi wapya walipokuja na vyeti vyao, yeye ndiye aliyewaonyesha kazi. Na kila mmoja alimpa onyo lilelile: andika kwenye boksi lenyewe, usiandike kwenye kifuniko, kwa sababu kifuniko hakina kwao.

Miaka mitatu iliyopita kituo kiliingia katika ushirikiano na vyuo viwili vya nje ya nchi. Mvua zilikuwa zimeanza kuwachezea wakulima, mara zinachelewa, mara zinamwagika zote kwa wiki moja. Watafiti walitaka kujua kama shamba linalofunikwa mabua badala ya kulimwa kila msimu linahifadhi maji na kaboni zaidi, na udongo wa kila kijiji unahitaji kusaidiwa vipi. Kwa Mama Chekeche ushirikiano huo ulikuwa na maana moja: udongo uchekechwe, nusu itiwe kwenye vikopo vyenye namba, vikopo vipangwe kwenye boksi la kijiji, boksi lisafirishwe. Nusu nyingine ilibaki stoo kwenye mifuko ya kaki, kila mfuko na shamba lake.

Huko ng'ambo maboksi yalipokelewa na mwanamke mmoja aliyewahi kusoma miaka miwili hapo kituoni. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha taarifa ya habari. Kwa kuwa aliuliza maswali mengi mno, nani alikausha, kwa siku ngapi, kwenye kivuli au juani, mafundi walimpachika jina la Wifi, kama wifi aliyekuja kukagua jiko. Mwenyewe alipolisikia alilipenda, akaanza kutia sahihi barua zake hivyo.

Ijumaa moja mchana watu wote waliitwa ukumbini kusikiliza matokeo. Daktari, ndiye mkuu wa utafiti, alikuwa mtu wa maneno machache na miwani mizito. Alieleza kwamba karibu kila kitu kimekwenda vizuri. Kijiji kimoja tu, cha bondeni, udongo wake ulikuwa na tindikali nyingi. Jumatatu asubuhi malori yangewapelekea chokaa ya kupunguza tindikali hiyo. Kijiji jirani cha mlimani kilikuwa salama.

Karatasi zilipitishwa. Mama Chekeche akapitisha kidole kwenye mistari ya kijiji cha bondeni. Mchanga, asilimia sabini na moja.

Akarudia kusoma. Udongo wa bondeni aliuchekecha kwa mikono yake, mweusi, mzito, wa kuganda kwenye kucha. Wenye mchanga ni ule mwekundu wa mlimani. Siku ya kufunga maboksi ikamjia yote. Alikuwa na maboksi mawili mezani, la kumi na nne la bondeni na la kumi na tano la mlimani, yote wazi. Simu ikalia, ni mkwewe, binti yake ameshikwa na uchungu. Kwa haraka aliandika majina ya vijiji kwenye vifuniko, ili akirudi amalizie vizuri. Aliporudi siku ya pili, mwenye furaha na usingizi, alifunika tu bila kutazama kifuniko kipi ni cha boksi lipi, akafunga kwa gundi ya karatasi, akayatoa.

Mkutano ukaisha, watu wakatoka. Mama Chekeche alibaki amekaa. Alijua hakuna mwingine angegundua, si mwaka huu. Alijua pia kwamba watu wa bondeni wangemwagiwa chokaa wasiyoihitaji, mahindi yao yadumae, na wale wa mlimani wangeendelea kupanda kwenye udongo mchachu huku karatasi ya serikali ikiwaambia wako salama. Akapiga moyo konde, akaenda kugonga mlango wa Daktari.

"Karibu, mama."

"Daktari, matokeo ya bondeni na mlimani yamebadilishana. Nimeyabadilisha mimi."

Akaeleza yote bila kukaa chini. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Una hakika?"

"Vidole vyangu vina hakika. Lakini mifuko ya akiba iko stoo. Nipe kesho nipime upya."

"Tutapima wote," Daktari akasema. Akachukua ufunguo wa stoo, akautia mfukoni.

Nyumbani mumewe alimwekea chai, akamsikiliza mpaka mwisho. "Sasa watakufukuza?"

"Sijui."

"Kama watakufukuza, utakuja kunishonea vifungo. Mimi sivipendi."

Alitaka kumkasirikia, akajikuta anatabasamu.

Jumamosi asubuhi walikuwa wawili tu maabara. Daktari alikunja mikono ya shati, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Gramu kumi za udongo, mililita ishirini na tano za maji, koroga, subiri, soma kipimo cha tindikali, ambacho namba ikishuka ndipo uchachu unazidi. Mfuko wa kwanza wa mlimani: nne nukta nane. Tindikali tupu. Wa pili, nne nukta saba. Wa bondeni ukasoma sita nukta nne, mzuri kabisa. Walipofika mfuko wa ishirini hakukuwa na la kubishana.

"Tumpigie mwenzetu," Daktari akasema, akaiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi.

Wifi alipokea haraka. Mama Chekeche akasogea, akakiri kwa mara ya pili.

"Wifi yangu," ile sauti ikasema, "mimi niliona. Kifuniko kiliandikwa kijiji cha bondeni, ambako najua udongo ni mweusi, nikafungua nikakuta mwekundu. Niliandika katika ripoti, ukurasa wa sitini na moja, safu ya maoni. Niliomba mhakikishe."

Mama Chekeche akamtazama Daktari. Daktari akavuta ripoti, akafunua hadi nyuma kabisa, akasoma. Masikio yake yakabadilika rangi.

"Mimi niliishia ukurasa wa arobaini," akasema polepole.

"Nami nilipaswa kupiga simu, si kuandika kwa herufi ndogo," Wifi akajibu. "Nilidhani mmeshaona. Vikopo vyote ninavyo, namba ni zilezile. Nabadilisha majina ya vijiji tu. Kabla ya jioni mtapata ripoti mpya."

"Hakuna kilichoharibika?" Mama Chekeche akauliza.

"Hakuna. Chokaa haijatoka, si ndiyo? Basi hakuna."

Mama Chekeche akakaa kwenye stuli. Akacheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa upindo wa koti la maabara. Daktari alimsogezea glasi ya maji.

"Mama," akamwambia, "watu wanaokuja kunigongea kusema wamekosea, nawahesabu kwa kidole kimoja. Jumatatu panda lori la kwanza. Wewe ndiye utakayewaeleza."

Nyumbani alilala mchana kutwa wa Jumapili kama mtoto, mumewe akihamishia cherehani barazani asimwamshe.

Jumatatu lori lilipanda mlimani taratibu. Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mama mmoja mrefu mwenye jembe begani, akalipokea kwa mashaka.

"Tuliambiwa chokaa ni ya bondeni."

"Mliambiwa vibaya, dada. Nilikosea mimi. Udongo wenu ndio mgonjwa, wa wenzenu mzima."

Yule mama akamtazama juu mpaka chini. "Miaka minne maharage yetu yanakuwa ya njano, mabwana shamba wanatuambia sisi wavivu wa palizi. Kwa hiyo ni udongo?"

"Ni udongo. Na unatibika."

Yule mama akashusha pumzi ndefu, akalaza jembe chini, akawageukia wenzake. "Mmesikia? Hatukuwa wavivu. Haya, njooni tushushe."

Mama Chekeche akavua koti, akapokea mfuko wa kwanza wa chokaa.