Mezani pa Kahawa, Mdogo Ndiye Huanza

Ilianza Jumatano, saa tisa na robo alasiri, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu, nilipovua viatu vyenye tope mlangoni kwa dada, mtaa wa Bombambili. Nasema dada, ingawa ni binti wa mama mkubwa. Kwetu hakuna neno lingine la kumwita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado, na kesho yake asubuhi nilitakiwa kwenye chumba cha kuonja kahawa kwa ajili ya usaili. Kila msimu wanachukua vijana wawili au watatu, wanawafundisha miezi mitatu, na anayefaa wanamwendeleza. Barua zilizopelekwa zilijaza boksi. Tulioitwa tulikuwa watano.

Kama ningekosa, Jumamosi ningepanda basi kwenda Makambako kwa shangazi, kumsaidia dukani na kumlelea watoto. Mama alishakubali. Alikubali kwenye simu, mbele yangu, huku akiendelea kufuma sweta, na mimi nikakaa kimya kama ninavyokaa siku zote, kwa hiyo ikaonekana nami nimekubali. Begi langu lilikuwa limeshafuliwa, linaning'inia kwenye kamba.

Hiyo ndiyo shida yangu. Darasani jibu nilikuwa nalijua, mkono hauinuki. Kwenye mafundisho ya kipaimara, padri akianza kutafuta wa kumuuliza, nilijificha nyuma ya mwenzangu mrefu. Nyumbani wanasema nina adabu. Mimi najua ni woga, ila woga wa msichana ukitanguliza shikamoo, watu wanauita adabu.

Dada alipita kwenye chumba kile misimu miwili nyuma, na ndiye aliyenisaidia kuomba. Barua yangu ya kwanza niliandika kama wanavyoandika wote: mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, napenda kahawa, niko tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote. Dada aliisoma, akaikunja mara nne, akaisukumiza chini ya mguu wa meza yake iliyokuwa ikiyumba.

"Haya, sasa imepata kazi," alisema. "Andika nyingine. Usiwaambie unapenda kahawa. Nani aliyeomba akasema anaichukia? Waambie pua yako inajua nini."

Nilikaa siku nzima sijui pua yangu inajua nini. Mwishowe niliandika kuhusu masweta ya shule anayofuma mama. Niliandika kwamba sufu iliyokaukia juani na sufu iliyokaukia ndani wakati wa masika hazinuki sawa, hata ukinifumba macho, na mteja akileta sweta la kurekebisha huwa najua kama chumba anacholala kina dirisha. Niliona aibu kuituma. Barua hiyo ndiyo iliyofanya niitwe.

Jumatano hiyo dada alikuwa amewaita wenzake wawili wa msimu wake ili wanipe maneno. Mmoja ni kaka anayeuza pembejeo sokoni, mwenye mdomo. Mwingine ni dada aliyetokea Umatengo, mnyamavu, siku hizi anasuka nywele Ruhuwiko, si mbali na kwetu. Mezani kulikuwa na mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba. Huyu ndiye?" kaka aliuliza. "Mbona sauti yake kama panya aliyefungiwa kwenye gunia?"

"Muache mtoto wa watu," dada alisema.

"Simuonei, namuandaa. Kaa hapa, mdogo wangu. Umepaka nini?"

"Mafuta ya kawaida."

"Yana harufu. Kesho usipake. Wala kitunguu usiguse leo, wala dagaa, wala usipige mswaki na dawa ya mnanaa asubuhi. Chumvi inatosha. Mwenzetu mmoja alikuja ananukia kama bibi harusi, mzee akafungua madirisha yote mawili akamwambia, mama, asante, tumekusikia."

Walicheka. Nami nilicheka, nimefunika mdomo.

Mzee wanayemsema ndiye mkuu wa waonjaji. Yupo pale tangu wao hawajazaliwa.

Dada akaweka bakuli la maji na kijiko. Akanifundisha kuvuta. Kahawa ya kuonjwa hainywewi, inavutwa kwa nguvu kutoka kwenye kijiko ili isambae kinywani mpaka kwenye pua, kisha inatemwa kwenye ndoo. Na lazima itoe sauti. Mimi tangu mdogo mama amenipiga vijiti vya miguu nikifyonza uji. Nilivuta, maji yakaingia taratibu kama nameza dawa.

"Huo ni ustaarabu," kaka alisema. "Sisi tunataka fujo. Hivi!" Akavuta, chumba kizima kikasikia, kuku aliyekuwa mlangoni akakimbia.

Mara ya tatu nilipaliwa. Mara ya nne ilitoka sauti kidogo, nikaona haya kama nimefanya jambo baya mbele za watu. Dada akasema tutafika.

Kisha wakaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Mezani pale, kikombe kikishaonjwa, anayeanza kusema alichokikuta ni mdogo kuliko wote, aliyeingia mwisho. Anafuata aliyemtangulia, na kadhalika, mkubwa anasema mwisho kabisa. Nikadhani wananitania. Kwetu mkubwa hajafungua kinywa, mtoto ana kipi cha kusema?

"Ndiyo maana," dada alisema. "Mzee akitangulia, ndimi zote zinamfuata. Ukimheshimu kwa kumsubiri, umeiharibu meza."

"Na kesho atawategeni," kaka akaongeza. "Atakunja uso kwenye kikombe kizuri, au atakisifia kibaya, aone nani anamfuata. Huo ni mtego wake."

"Si mtego."

Aliyesema ni yule dada wa Umatengo. Hadi hapo alikuwa hajasema kitu zaidi ya kunisogezea mihogo.

"Si mtego," alirudia. "Anajisahau tu. Ni binadamu. Siku ile alijisahau."

Kaka akaweka kikombe chake chini. Niliona kwamba wote watatu wanaijua siku ile, na kwamba haizungumzwi.

Yeye hakunitazama. Alikuwa akichomoa uzi wa katikati ya muhogo, anauweka pembeni, anachomoa mwingine. Alisema kwamba katika mwezi wake wa pili ililetwa sampuli ya chama cha msingi cha wakulima wa kijijini kwao. Aliliona jina la chama kwenye gunia; bibi yake ni mwanachama, kahawa yake ilikuwa humo. Hakumwambia mtu, maana mwonjaji hatakiwi kujua kahawa ni ya nani. Alionja, akakuta kikombe ni kisafi, kitamu kwa mbali kama sukari iliyoanza kuungua. Alikuwa tayari kusema, zamu ni yake, mdogo ndiye yeye. Mzee akaingia amechelewa, anatoka msibani, mafua yamembana. Akavuta kijiko kimoja, na kabla hajakaa akasema, aa, hiki kina udongo.

"Wakaniuliza mimi. Nikasema kina udongo."



"Wote tukasema kina udongo," dada alisema polepole. "Hata mimi."

"Nyie mlifuata. Mimi ndiye niliyekuwa mlango."

Kahawa ile ilishushwa daraja. Kule kijijini watu waliambiwa imenuka udongo. Bibi yake akaamini ameianika vibaya. Tangu mwaka ule anainuka kwenye kiti kila wingu likipita, anaigeuza kahawa kwenye vichanja, anaifunika, anaifunua, mpaka viganja vimepasuka. Watu wanamwambia bibi pumzika, anajibu, mimi ndiye niliyewaharibia wenzangu.

"Hujamwambia?" nilimuuliza. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Nimwambie nini? Kwamba kahawa yake ilikuwa nzuri na mjukuu wake alikuwepo?" Akafuta vidole. "Miezi mitatu ilipoisha walitaka nibaki. Nilikataa. Sasa wewe ukienda kesho usihangaike na mafuta wala mnanaa. Sema unachokikuta. Basi. Ukiona huwezi, panda basi uende kwa shangazi yako, hutamuumiza mtu."

Kaka, aliyekuwa na maneno tangu saa tisa, alikohoa akasema ana mteja sokoni. Alipofika mlangoni aligeuka. "Kitu kimoja. Barua hawatoi. Wakimtaka mtu, wanamwambia abaki aoshe vikombe. Wengine wanaambiwa watapigiwa." Akaenda zake.

Tulirudi Ruhuwiko pamoja, mimi na yule dada, yeye mbele kwa sababu njia ilikuwa inateleza. Kwenye kona ya kwao alinishika bega kidogo, kama mtu anayeangalia kama ukuta umekauka, akaingia ndani.

Mama alilalamika mboga bila kitunguu haina maana, lakini alipika hivyohivyo. Tukila aliniuliza, "Wamekwambia nini huko?"

"Nivute kwa sauti."

"Ufyonze? Mbele ya wazee?"

"Na niteme."

Mama aliweka tonge chini. "Basi hiyo kazi si yako, mwanangu," alisema, wala hakuwa anacheka. Alisema kwa huruma, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilitoa vyombo.

Asubuhi nilisukutua kwa chumvi, nikavaa sketi ya shule iliyotolewa nembo na sweta langu, nikaenda kwa miguu ili bodaboda wasinirushie tope. Chumba ni kirefu, cheupe, hakina picha. Meza iko katikati, ya kuzunguka, na juu yake vikombe vimepangwa, kahawa iliyosagwa ndani, maji bado. Wenzangu wanne walishafika. Wote wakubwa kwangu, mmoja alikuwa amemaliza chuo na ana kalamu mbili mfukoni. Yule mzee aliingia na kitambaa cheupe begani. Nilitegemea mtu wa kutisha. Alikuwa mfupi, ana macho ya mtu asiyelala vizuri.

Maji yalimiminwa, tukangoja. Tukafundishwa kuvunja povu la juu kwa kijiko na kunusa. Kisha tukaambiwa tuonje, mmoja baada ya mwingine, kimya, kila mtu aweke kichwani alichokikuta. Nilivuta kikombe cha kwanza. Sauti ilitoka ndogo. Cha pili nikafumba macho nikamkumbuka yule kuku, sauti ikatoka, nikasikia masikio yanapata moto. Nikatema. Hakuna aliyenishangaa. Walikuwa wanavuta na wao.

Kikombe cha tatu nilikijua kabla hakijafika mdomoni.

Wakati huohuo mzee, upande wa pili wa meza, alikuwa amekivuta. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema kwa sauti ya chini, kama anajiambia mwenyewe, "Naam. Hii ndiyo kahawa."

Wote tulisikia. Wa kalamu mbili alivuta kijiko kingine, naye akaitikia kwa kichwa.

Tulipomaliza, mzee aliuliza, "Nani mdogo hapa?"

Wakanitazama.

"Cha kwanza?"

"Kizuri, ila chepesi."

"Sauti."

"Chepesi."

"Cha pili?"

"Kina ukali unaobaki kooni."

"Cha tatu?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema niokoke, nalo lilikuwa limeshasemwa na mkubwa. Kizuri. Lingetoka kirahisi, kwa adabu. Kichwani nikauona uzi wa muhogo wa jana, umewekwa pembeni ya sahani. Na papo hapo nikaona jambo jingine ambalo hawakuniambia: nikisema nilichokikuta, kuna bibi mwingine mahali fulani, huyu nitamshusha mimi, na safari hii itakuwa kweli.

"Kinanuka sweta," nilisema.

Mtu alicheka puani.

"Sweta la sufu lililokaukia ndani. Mvua iliwakuta wenye kahawa, wakaianika chumbani. Haikupata jua."

Mzee aliweka mikono mezani. "Mimi nimekipenda."

"Nimesikia."

"Unabadilisha?"

"Hapana," nilisema, na kwa sababu nilikuwa nimemjibu mkubwa hapana kwa mara ya kwanza maishani, mdomo ukaongeza wenyewe, "shikamoo."

Wote walicheka, hata aliyekuwa anapanga vijiko.

"Marahaba," mzee alisema. Hakucheka. Akakivuta kikombe cha tatu upya, kwa kelele, akakaa nacho kinywani muda mrefu, akatema. Akafuta mdomo na kile kitambaa. Kisha, bila kusema alichokikuta, maana zamu yake ilikuwa bado, akamgeukia aliyenifuata kwa umri na kumuuliza yeye kikombe cha kwanza kikoje.

Walisema wote, hadi wa kalamu mbili. Mzee akasema mwisho. Aliposema cha tatu, alisema polepole na bila kuinua macho: kimekaukia ndani, na alikuwa amejisahau, tumsamehe. Wenzangu wakaambiwa watapigiwa simu. Nami nikageuka nifuate mlango.

"Wewe," alisema. "Vikombe."

Nilikunja mikono ya sweta langu hadi kwenye viwiko. Beseni lilikuwa nje barazani, maji ya baridi, mawingu yalikuwa yanakusanyika tena upande wa Peramiho. Nikaosha kimoja kimoja. Cha tatu nilikiacha cha mwisho, nikakinusa tena, nikijua kuna mtu hatafurahi kwa sababu yangu, kisha nikakiosha kama vingine, nikakigeuza juu ya kitambaa kikauke.