Mchana Nilipomfuata Marehemu

Najua visa vya namna hii watu huvisikiliza huku wanacheka. Cheka tu, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana kweupe, jua la bonde la Rukwa likiwaka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa na kila mwenye mtaji mdogo akawa mfanyabiashara. Mimi nilikuwa nimefiwa na mume si muda mrefu, naishi Milanzi na binti yangu Oliva. Nilikuwa nafuata mchele Mtowisa, nauza Sumbawanga mjini. Siku hiyo lori letu lilipasuka tairi tukiwa ndiyo tunaupanda mlima. Nina pumu tangu utotoni, na vumbi la barabara ile likanikaba kifua. Hewa haingii, haitoki.

Abiria mwenzangu, mchuuzi wa dawa za miti shamba, akanionea huruma. "Kunywa hii, mama. Kifua kitafunguka sasa hivi."

Ilikuwa chupa ya majani yaliyochemshwa, ya ule mti wenye maua meupe marefu kama tarumbeta. Nikanywa. Wewe ungekataa, huku huwezi kuvuta pumzi?

Haukupita muda mdomo ukakauka, ulimi ukawa mgumu kama gome. Mwanga ukawa unanichoma macho. Moyo ukaenda mbio. Na hapo, niamini, nikamwona mume wangu.

Alikuwa amesimama pembeni ya barabara, pale ardhi inapokatika kuingia korongoni. Amevaa koti la kahawia tulilomzika nalo. Hakuwa moshi wala kivuli. Hata kifungo kilichokatika nilikiona. Akaniita kwa Kifipa, kwa jina langu la utotoni. Njoo, tuondoke. Nikacheka kwa furaha, nikaanza kumfuata.

Mtu akanidaka mkono kwa nyuma. Nikageuka. Mwili ulikuwa wa mwanamke, lakini uso wa ng'ombe! Pembe, macho makubwa, pua imelowa. Nilipiga ukelele. Nikamkwaruza, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Hakuniachia. Alinifunga kanga kiunoni, ncha ya pili akajifunga yeye, kisha akaketi chini kwa uzito wake wote.

"Tulia, dada," yule ng'ombe akasema, kwa lafudhi ya Kisukuma. "Mimi ni mtu. Tulia, mimi ni mtu."

"Mwambie akuachie," mume wangu akasema kule ukingoni.

Baada ya hapo sikumbuki. Nilizindukia hospitalini mjini, Oliva akilia pembeni yangu. Kando yake alikaa mwanamke mwenye bandeji mkononi, na uso wa kawaida kabisa, mchovu. Huyo ndiye aliyenishika, anaitwa Mama Kabula. Familia yake ilihamia bondeni na mifugo kutoka Shinyanga. Alikuwa anapita na ng'ombe wake akaniona naelekea korongoni. Aliwaacha ng'ombe kwa mumewe, akapanda na mimi gari lililotupakia, na akili yake ikamtuma aichukue ile chupa. Daktari alipoyaona majani akajua anapambana na nini. Alisema mti ule hauna kipimo: jani hili laweza kuwa na nguvu kuliko lile, na kati ya kupata nafuu na kuchanganyikiwa au kufa ni padogo sana.

Kwa siku nyingi macho yalikuwa na ukungu, sikuweza kutia uzi kwenye sindano. Mpaka leo, jua likiwa kali, mara mojamoja nasikia jina lile la utotoni. Nikilisikia, nakaa chini hapohapo nilipo.

Nilipomwomba msamaha Mama Kabula kwa kumwona kama ng'ombe, alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, kwetu hiyo ni sifa!" Tangu hapo tumekuwa ndugu. Kila nikiamka namshukuru Mungu kwa ajili yake, na Oliva alipoolewa, mama waliosimama upande wa bibi harusi tulikuwa wawili.

Siku hizi nasikia vijana wanayachemsha maua yale makusudi, wanasema wanatafuta stimu. Wanangu, acheni. Na wewe ukimkuta mtu katika hali ile, usimzomee, usimpige ukidhani ana mapepo. Mshike. Atakukwaruza, atakuita mnyama. Usimwachie mpaka umfikishe hospitali.