Siku Niliyoivalisha Kompyuta

Ninyi vijana mtakaosoma hii, kaeni vizuri. Mimi shule nilitoka darasa la nne, na siandiki ili mnihurumie. Mnapenda kucheka wazee wasiojua mashine. Chekeni, lakini kwanza mjue kutojua kunauma wapi.

Tulikaa Rukoki, nje kidogo ya mji wa Kasese. Mume wangu alitoka Kenya kwa kazi ya mgodi, baadaye akaingia kazi ya saruji, akafa akaniachia nyumba na hiki Kiswahili tunachoongea ndani. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa marehemu mwanangu, nilimlea mimi, pamoja na binamu zake wakubwa na wadogo. Miaka ile simu za kugusa kioo zilipoanza kujaa Kasese, yeye alikuwa anamaliza chuo cha ufundi. Mtihani wa mwisho ulikuwa huu: kila mwanafunzi aunde kompyuta yake mwenyewe, aitie Linux, ile programu ya kuiendesha, na Jumatatu aiwashe mbele ya walimu. Isipowaka, hakuna cheti. Na bila cheti, nafasi aliyoahidiwa katika ofisi moja ya mjini ilikuwa inapotea.

Vipande alivitafuta Bwera, kwa hajji mmoja aliyesafirisha mizigo mpakani na kuuza kompyuta zilizokufa. Siku moja alirudi na kasha lisilo na ubavu mmoja. Siku nyingine bodi, imefungwa kwenye gazeti kama nyama.

"Umeniletea skrapu nyumbani," nikamwambia.

"Nyanya, hii ndiyo prosesa. Ndiyo ubongo." Akanionyesha kitu kidogo kuliko biskuti.

"Ubongo ni huu? Sasa naelewa kwa nini ilikufa."

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Nikamwuliza hiyo Linux inauzwa na nani.

"Hakuna anayeuza. Watu wengi wameitengeneza pamoja, na kila mutu anaruhusiwa kuchukua."

"Na wewe hujui ni akina nani, unaingiza tu nyumbani?"

"Nyanya, ile mbegu ya maharagwe ulipewa na jirani. Uliuliza nani aliipanda kwanza?"

Nikamwachia meza.

Ijumaa ndiyo aliiunganisha yote kwenye meza ya sebuleni. Juu ya prosesa alipaka dawa nyeupe kama ya meno, akafunga feni kwa skurubu nne. Alipochomeka flashi yenye hiyo Linux na kuwasha, skrini ikawa nyeusi, maandishi meupe ya Kiingereza yakawa yanashuka kwa mbio. Yeye aliyasoma. Mimi nilikaa nyuma yake, na katika yote yale nilichotambua ni tarakimu tu.

Mchana ikambidi aende chuoni, kule Nyamwamba, kuandikisha jina kabla ofisi haijafungwa.

"Inanakili vitu kwenye diski," akaniambia. "Usizime, usiguse kibodi. Itajifanyia yenyewe."

"Na nikiona kitu kibaya?"

"Hutaona kitu, nyanya."

Akaenda; wengine walikuwa shuleni na shambani. Upepo ukaanza, malori yakapita, na mnajua vumbi la kwetu: la barabara na la saruji pamoja. Nikaliona linaingia kwenye kasha kwa ule ubavu ulio wazi. Sasa, katika nyumba yangu hakuna kitu kinakaa uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, viti, mtungi wa maji, vyote. Vitambaa hivyo nimevifuma mimi kwa kroshia. Mgeni akiingia akakuta redio yako uchi, anajua wewe ni mwanamke wa namna gani. Mjukuu alisema nisizime, sikuzima. Alisema nisiguse kibodi, sikugusa. Nikachukua kile kikubwa cheupe cha Krismasi, nikalifunika kasha lote, nikapenyeza ncha ndani vizuri zisipeperuke, na nyuma nikabana kwa pini mbili. Nikasimama nikatazama. Nikapendezwa.

Nikaenda kuchambua maharagwe mlangoni. Mashine ilikuwa inalia kama mbu. Baadaye ikawa inakohoa. Kisha ikanyamaza, na mimi, jamani, nikafikiri imemaliza kazi.

Nilipoingia, skrini ilikuwa giza. Nikaweka mkono juu ya kitambaa: moto kama pasi. Nikavuta, hakitoki. Nyuzi zilikuwa zimejisokota kwenye feni mpaka ikakwama. Vifungo vya kubonyeza vilikuwepo mbele ya kasha, viwili, na sikujua kipi ni cha kuponya na kipi ni cha kuua. Nikaita jina lake kwa sauti, kana kwamba angesikia kutoka Nyamwamba. Halafu nikachukua ungo, nikaanza kuipepea. Alinikuta hivyo, nimesimama napepea.

"Nyanya, uliifunika?"

"Vumbi."

"Basi, nyanya," akasema. Akakata nyuzi kwa wembe, moja moja, akawasha. Feni ikazunguka. Skrini haikuleta kitu.

Jumamosi tukaibeba wote wawili mpaka Bwera. Hajji alipoona nyuzi zilizobaki akaniuliza, nikamweleza.

"Mama! Uliivalisha gomesi! Nguo kubwa ya sherehe na mukanda wake, kwa hii joto yetu?"

"Cheka haraka, hajji, halafu utengeneze."

Akapima, akabadilisha hiki na kile, kicheko kikaisha. "Bodi iko muzima. Prosesa ndiyo imekufa. Ya namna hii hapa haiko. Gari yangu inarudi kutoka Kampala Ijumaa."

"Mutihani iko Jumatatu," nikamwambia.

"Mama, ningekuwa nayo ningekupa sasa hivi."

Jumatatu nilivaa nguo ya kanisani nikamfuata chuoni. Nikamwambia mwalimu kosa ni langu, mtoto hana kosa. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniletea kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, sisi tunapima mashine. Arudi na wenzake wa mwaka kesho." Ile nafasi ya ofisi ikachukuliwa na mwingine.

Mwaka mzima alikaa mjini anauzia watu vocha za simu. Hakunigombeza hata siku moja. Rafiki zake wakimwuliza, alisema, "Iliharibika." Hakusema nani aliiharibu. Mimi ningependa apige kelele, nijue pa kuomba msamaha. Mtu asiyekulaumu utamwambia nini?

Mwaka ulipofika aliiunganisha tena kwa prosesa nyingine, meza ile ile. Aliposhika flashi nikatoka nje, nikawaita wote wa nyumba yangu uani, wakubwa na wadogo, nikawaambia: "Hakuna mutu kuingia sebuleni mpaka yeye mwenyewe aseme. Hakuna kufagia, hakuna kusaidia. Na mukiniona mimi naenda kwa ule mulango, munishike mukono, munirudishe jikoni."