Chicon na Sheria ya Upepo

Mauwa alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuibishia: mtu aliyepasuliwa tumbo hali kitu mpaka atoe upepo wa tumboni. Aliipata Lubumbashi, kwenye wodi ya upasuaji alikouguza watu kwa miaka kumi na tisa, na aliisimamia kweli kweli. Ndugu wa mgonjwa walikuja na bukari, ugali wa kwao, na samaki kwenye sufuria, naye akawakabili mlangoni kwa swali lake lilelile: "Alisha toa mupepo?" Kama bado, sufuria ilirudi nyumbani. Wakubwa wa mgodi waliulizwa. Padri aliulizwa. Mama mkwe wake mwenyewe aliulizwa, mbele ya watu, na akajibu.

Kuhamia Brussels kulimnyang'anya wodi. Vyeti vyake havikutambuliwa, akaanza upya kama msaidizi wa wazee majumbani: kuwaogesha, kuwavisha, kuwasikiliza wakilalamikia mvua. Mwaka 2013 alikuwa na miaka hamsini na saba, akiishi mtaa wa Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, na mumewe Hilaire, mlinzi wa jengo moja la ofisi kule Schuman. Mtoto wao Doudou alishaoa akahamia Liège. Nyumba ilikuwa kimya na safi, kama apendavyo Mauwa, mpaka alipoingia sungura.

Sungura alikuwa wa Madame Régine, bibi wa miaka themanini na minne ambaye Mauwa alimhudumia kwa miaka sita. Bibi alipohamishiwa nyumba ya wazee aliambiwa mnyama anaruhusiwa kutembelea, kulala haruhusiwi. Basi akamshika Mauwa mkono. "Chukua Chicon," alisema kwa Kifaransa. "Niletee kila Jumapili nimwone." Chicon ni ile mboga nyeupe, chungu, ambayo Wabelgiji wanaila majira yote ya baridi, na sungura huyo alikuwa mweupe vilevile na mchungu wa tabia vilevile. Mauwa aliapa. Yeye akiapa, ameapa.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Daktari wa wanyama alisema sungura jike akizeeka hupata uvimbe wa kizazi mara nyingi, kwa hiyo heri kiondolewe mapema. Madame Régine alishapanga siku, Alhamisi.

"Lapin kufanyiwa opération!" Hilaire alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mama Doudou, kwetu ile ni mboga. Unaitia nyanya, unaitia kitunguu, bon, imepona."

"Funga kinywa, papa. Hii ni mugonjwa yangu."

Na hapo, jamani, ndipo Mauwa alipochanua. Baada ya miaka kumi na tano alikuwa tena na mgonjwa wa upasuaji, mwenye mshono tumboni! Alhamisi jioni alimpokea Chicon kutoka kwa daktari, pamoja na karatasi ya kurasa mbili ya maelekezo. Karatasi aliikunja akaibandika kwenye friji kwa sumaku bila kuisoma. Angesoma nini? Alikuwa akiuguza matumbo yaliyoshonwa tangu daktari yule akiwa shule ya msingi. Akatandika taulo safi, akaondoa nyasi kavu, akaondoa na bakuli la chakula, akaacha maji kidogo tu. Kisha akakaa kungoja upepo.

Ijumaa asubuhi alipiga magoti akaweka sikio kwenye tumbo la sungura.

"Alisha?" Hilaire aliuliza. Ilikuwa siku yake ya mapumziko na alikuwa amepania kuifaidi.

"Bado. Kimya kabisa."

"Na ile sanduku yake ya choo iko safi, propre sana. Hata ka mavi kamoja."

"Atatoa nini na bado hayakula kitu?" Mauwa alijibu, ameridhika. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kwa utaratibu. Chicon tu ndiye asiyejua utaratibu. Alikuwa amejikunyata kama ngumi, macho nusu yamefungwa, akisaga meno polepole.

Saa tano simu ililia. Daktari alitaka kujua: Chicon amekula? Amepata choo?

"Sijampa kitu, Docteur," Mauwa alisema kwa fahari ya mtaalamu mwenzake. "Nangoja atoe upepo kwanza."

Daktari akasema, taratibu sana, "Madame, mlete sasa hivi."

Kwenye tramu Mauwa alimpakata Chicon ndani ya boksi. Aliogopa. Hakumwogopa daktari, aliiogopa Jumapili. Angeingiaje kwa yule bibi mikono mitupu? Angesema nini, kwamba mnyama wake alikufa kwa njaa mikononi mwa mtu aliyejisifu anajua kuuguza?

Daktari hakugomba, na hilo lilimuuma zaidi. Alimdunga Chicon sindano ya maumivu na nyingine ya kuamsha utumbo, akaeleza. Sungura hatapiki wala hawezi kukaa njaa. Tumbo lake linatakiwa lisage mchana kutwa. Likisimama linajaa gesi, na siku moja au mbili zinatosha kumuua. Hata kabla ya kupasuliwa huwa anakula. Alimpa Mauwa unga wa kukoroga kwa maji, na bomba la sindano lisilo na sindano la kumlishia mdomoni kila baada ya saa chache. "Akipata choo kabla ya kesho mchana, tumevuka," alisema.

Nyumbani Mauwa alivaa miwani, akaisoma ile karatasi akiwa amesimama, kurasa zote mbili, kwa sauti. Mstari wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa wino mzito: mpe chakula mara tu mnapofika nyumbani. Wahenga walishasema mazoea yana taabu. Hilaire, ambaye alikuwa na utani wa kutosha wiki nzima, aliufungia kinywani, akachukua koti lake akateremka kutafuta majani mabichi ya giligilani ya kumtamanisha sungura.

Chicon alikimbilia chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mauwa akainama, magoti yakilia, akamtoa, akamfunga kwa kitenge kama mtoto mchanga akabaki kichwa tu. Tone kwa tone. Nusu ya uji iliishia kwenye kitenge. "Kula, mama," alimbembeleza. "Kamoja tu. Juu yangu, nakuomba." Alifanya hivyo jioni, akafanya tena na tena mpaka kukakucha.

Jumamosi saa tatu asubuhi sauti ya Hilaire ilitoka pembeni mwa sebule.

"Mama Doudou! Kuya uone!"

Kwenye sanduku kulikuwa na punje tatu za mavi, ndogo, kavu, zisizo na sura ya kusifika. Mauwa alizitazama kama mtu anayetazama pete. Akampigia daktari. Akampigia Doudou Liège, ambaye hakuelewa furaha ilikuwa ya nini. Aliporudi sebuleni akamkuta Hilaire amekaa sakafuni, ameshika shina la giligilani, na Chicon upande wa pili anatafuna, akilivuta ndani ya kinywa kidogo kidogo.

"Sasa ile nyanya yako?" Mauwa aliuliza.

"Ah, yee huyu ni muntu wa nyumba," Hilaire alisema, bila kuinua kichwa.

Jumapili Mauwa alimweka Chicon mapajani mwa Madame Régine, akavuta kiti, akaungama yote: bakuli aliloondoa, karatasi asiyoisoma, simu ya saa tano. "Nilimnyima chakula mimi," alisema. "Kidogo nimuue. Kama unataka kumpa mtu mwingine, nitaelewa."

Bibi alimpapasa sungura masikio muda mrefu.

"Nilipovunjika nyonga," alisema, "nilikaa siku nne sitaki kula. Nani alikaa nami na kijiko?"

"Mimi."

"Na uliniuliza kama nimetoa upepo."

"Niliuliza," Mauwa alikubali, kichwa chini.

"Kila asubuhi! Na tumbo langu halikuwa limeguswa na mtu." Bibi alicheka mpaka Chicon akatikisika. "Lakini kila ulipouliza, kijiko kilikuwa tayari mkononi. Jumapili ijayo mlete mapema."

Chicon, ambaye hakuwa na haya mbele ya wakubwa, aliacha punje kadhaa kwenye sketi ya bibi. Mauwa akavaa miwani yake, akainama, akazihesabu.