Benchi la Mama na Mkono wa Msasa

Mdogo wangu wa kiume ni seremala, na mtaa mzima unamwita Msasa, kwa sababu hajawahi kuona kitu kinachokwaruza akakiacha salama. Akiwa mtoto alisugua miguu ya kitanda cha mama mpaka kitanda kikawa kinayumba. Alipooa, alichukua mwiko wangu eti una kingo mbaya. Ulirudi mwembamba kama kijiti cha kuchokolea meno. Kitinda mimba huyo! Mama alikuwa anacheka tu. Ningekuwa mimi, ningechapwa.

Sasa nisikilizeni. Kanisa letu dogo liliuzwa. Waumini walihamia kanisa jipya kule barabara kuu, paa la zamani likavuja miaka minne, halafu akatokea bwana mmoja mwenye miwani ya jua, akalinunua alifanye nyumba ya wageni wa likizo. Sisi tulimwita Bosi. Penye madhabahu akaweka jiko. Beseni la ubatizo akasema litafaa kunawia mikono. Chumba alichovalia mchungaji kikawa choo. Nilisimama mlangoni nikawatazama mafundi wanavyobomoa, nikasema kwa sauti wasikie: hamna hata haya! Na aliyepiga nyundo kwa nguvu kuliko wote alikuwa Msasa, ndugu yangu wa tumbo moja.

"Kazi ni kazi, dada," akaniambia.

"Na mimi ni nani yako? Mpita njia?"

Nilichotaka ni kitu kimoja tu. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na benchi lake lilikuwa bado mle ndani, la pili kutoka mbele, upande wa dirishani. Mabenchi yalikuwa manane, yote ya fundi mmoja, yanafanana kama mapacha, ila la mama ulilijua hata kwa kupapasa. Nyonga yake ilikuwa mbovu, akawa anakaa ameegemea kushoto, na kwa miaka thelathini ubao ulikuwa umebonyea pale. Mimi nilikaa nyuma yake kila Jumapili. Baada ya mazishi nilikuwa naingia peke yangu, naweka kiganja kwenye kile kishimo, natoka. Bosi aliniambia nilichukue tu, halimpunguzii kitu. Jumatatu nikamnyooshea Msasa kidole usoni: "Benchi la mama usiliguse."

"Nimesikia, dada."

Ijumaa nikaenda na mkokoteni. Nikayakuta yote manane uani, yamepangwa juani, meupe, laini, yananukia kama mbao mpya. Nikapapasa la kwanza. La pili. Nikayakalia yote, moja baada ya jingine, kama kichaa, mafundi wananikodolea macho. Wapi! Yote laini tu.

"La mama ni lipi?" nikauliza.

Msasa akajikuna kisogo. "Nilianza na hilo, dada. Ndilo lililokuwa limechakaa kuliko yote. Nilitaka ulipate likiwa zuri." Halafu, kwa sauti ndogo: "Sasa yamechanganyika."

Damu ilinichemka. Nilimpa vidonge vyake mbele za watu, na vya mwiko wangu nikaongeza hapo hapo. Nikamwambia miaka thelathini ya mama ameifagia pamoja na unga wa mbao. Nikarudi na mkokoteni mtupu, na kwa wiki mbili kila nilipomwona njiani nilivuka barabara.

Cha moto alikiona kwa Bosi pia. Kumbe yule bwana alikuwa anautaka uchakavu ule ule! Wageni wake wanapenda vitu vya kale. Alipoona mabenchi yanang'aa, alibwata kuanzia mlangoni hadi jikoni, akaamuru yazeeshwe upya, yote manane. Nilipopata habari nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikaenda kujionea. Sikwenda kwa upendo, msije mkanisifu bure.

Nikamkuta peke yake pale penye madhabahu. Mabenchi saba alikuwa ameyachapa kwa mnyororo, ovyo ovyo, ilimradi. La nane alikuwa amelipigia magoti kwa nyuma, patasi ndogo mkononi, anakwangua, anapuliza, anapapasa, anakwangua tena. Jasho linamdondoka puani.

"Hili ni lako," akasema bila kuinua kichwa.

Nikakaa. Kishimo kilikuwepo, upana ule ule, kina kile kile. Lakini kulia.

"Mjinga wewe! Mama aliegemea kushoto. Miaka yote hiyo, hujui hata mama yako alikaaje?"

Akasimama, akalizunguka benchi akaja mbele yangu, akanyoosha mkono. "Kwangu alikuwa huku," akasema, akionyesha upande wake wa kulia. "Mimi nilikuwa kwaya."

Kweli. Kwaya ilikaa mbele, imewaelekea watu. Maisha yake yote Msasa alimtazama mama uso kwa uso, na mimi nilichokijua ni kisogo na kilemba. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea pale.

Akachukua karatasi ya msasa ili akifute aanze upya. Nikamwambia akiligusa tena namvunja vidole. Nikaondoka nalo hivyo hivyo. Liko sebuleni kwangu. Kila nikikaa linanielemeza kulia. Msasa akija kunisalimia namwekea kigoda mbali nalo, na mifuko yake naikagua mlangoni.