Kikombe cha Kuamsha Maji

Juzi nilirudi Bukavu kwa likizo, na kabla sijavua viatu nikamkuta mama akifanya jambo nililodhani tulilizika pamoja na bibi. Alifunua sufuria ya maji yaliyochemshwa, yameshapoa vizuri, akachota kikombe cha maji mabichi kutoka kwenye bidoni, lile dumu la njano, akayamimina humo. Maji hayo yalikuwa ya mtoto wa dada yangu, anayelelewa na mama; wiki hiyohiyo mtoto huyo alikuwa ametoka hospitali alikolazwa kwa kuhara.

Utadhani nakutania, rafiki, kwa hiyo ngoja nikueleze. Tulipokuwa watoto hapa Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, tulishuka asubuhi hadi chemchemi ya bondeni, tukiteleza kwenye udongo mwekundu, vyura wakitupigia kelele. Tulipanda na bidoni mgongoni, kamba ikitukata paji la uso. Bibi aliwasha makala, yaani makaa, akangoja maji yatokote mpaka kifuniko kicheze. Hakuna aliyechemsha maji kwa bidii kama yeye. Yakipoa, aliyaonja, akakunja uso.

"Maji ya kuchemusha inakufaka," alisema. "Lazima tuiamushe."

Ndipo kikombe cha maji ya chemchemi kilipoingia. Niliuliza: kama moto unaua mikrobe, mbona tunaongeza wengine? Bibi alicheka hadi akafuta machozi. "Weye binti, na maulizo hiyo, nani atakuoa?"

Kisha mdogo wangu akaugua homa ya matumbo. Muuguzi akatuagiza tuchemshe maji. Bibi, kwa mapenzi yake yote, akayachemsha muda mrefu zaidi, na kwa kuwa sasa yalikuwa "yamekufa sana", akaongeza kikombe cha pili. Mdogo wangu akarudi kitandani. Jirani akalaumu maparachichi, mwalimu akalaumu baridi. Maparachichi yakapigwa marufuku nyumbani msimu mzima. Kikombe hakuna aliyekishuku.

Basi juzi niliinyakua ile sufuria. "Maman, mtoto ametoka hospitali sasa hivi!"

"Na weye, ulikomala na maji gani? Si hii? Uko hapa unanipigia makelele."

"Niko hapa kwa bahati tu."

"Ah, madame iniversite! Basi washa makala weye mwenyewe."

Nikawasha. Nikachemsha upya mbele ya mama aliyenuna, nikapoza, nikamnywesha mtoto. Akatema. Nikampa tena, akameza kidogo, akalia. Mama akanitazama kana kwamba ameshinda kesi.

Jioni nilishuka bondeni. Nyumba zimeshonana mpaka pale tulipokuwa tukisubiriana, vyoo vimeegemea mlima, na chini yake kuna bomba dogo linalotiririsha maji ya ile chemchemi, yenye povu. Wanawake wamepanga foleni hapo, na bidoni ya mama hujazwa hapohapo. Vyura sikuwasikia hata mmoja. Nilisimama nikikumbuka jinsi maji yale yalivyokuwa baridi, na jinsi bibi alivyotugawia kwa zamu huku akituita wapenzi wake, nikakasirika kwa kuwa nayatamani hadi leo.

Jumatatu narudi kazini. Nimemweleza mama kila kitu kwa upole, kisha kwa hasira, kisha tena kwa upole. Ameitikia, "Nimesikia, maman," akiniita mama kwa kunibembeleza. Namjua mama yangu. Mtoto atabaki naye.