Waya Nilioumenya kama Ndizi

Wiki iliyopita nilipeleka pampu ya maji kwa fundi wa kusuka mota pale Bilele, Bukoba. Sijafika hata mlangoni, harufu ya vanishi iliyoungua ikanipokea, na rafiki yangu, sikufichi: wivu ulinirudia. Ni wivu wa zamani, wa darasa la saba kule Muleba kwa bibi yangu, na nimeutunza vizuri kuliko vyeti vyangu vya shule.

Bibi alinilea kibanjani, katikati ya migomba na mibuni. Umeme hatukuwa nao. Betri za redio yake zikichoka tulizianika juani kando ya kahawa, zikapata nguvu ya taarifa ya habari moja au mbili zaidi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, na bibi hakutaka kuona hata uzi wa ganda la kijani. Aliigeuza kila ndizi kwenye mwanga wa mlango, akisema mgeni akikuta ganda atajua nyumba hii haina mwanamke. Nilimenya mpaka utomvu ukanigandia vidole vikawa vyeusi. Binti wa jirani, tuliyesoma naye darasa moja, alimenya ovyo, upande mweupe, upande una viraka. Bibi alimtaja kila siku kama mfano wa kutofuatwa, nami, waitu ndugu yangu, nilinenepa kwa maneno hayo.

Basi mwalimu wa sayansi akatugawia waya wa shaba alioutoa kwenye transfoma mbovu. Kila mmoja atengeneze mota: waya huo uliozungushwa kuwa koili, pini mbili za kuishikilia, betri, na kipande cha sumaku ya spika. Ambaye mota yake ingezunguka vizuri angekwenda naye Jumamosi Bukoba mjini, kwenye maonyesho ya shule. Mjini nilikuwa sijawahi kufika. Waliofika walirudi wakisimulia ndege inavyotua karibu na ziwa, wakaturingia muhula mzima. Nikaazima viatu mapema.

Waya ule umepakwa vanishi, kwa hiyo ncha zake lazima ziparuliwe ili umeme upite. Kuparua! Nani angenifundisha mimi kuparua? Nilichukua kisu cha bibi, nikazimenya ncha zote mbili pande zote mpaka shaba ikang'aa. Bibi akazigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaridhika. Binti wa jirani, tuliyekaa naye mkeka mmoja, aliparua ncha ya kwanza, ya pili akaiparua upande wa juu tu, akachoka, akaenda kuchuma mapera.

Ijumaa darasani mota yangu ilitikisika, ikaenda kushoto, ikarudi kulia, ikagoma. Nikabadilisha betri. Nikasogeza sumaku. Nikanyoosha pini, zikaniunguza. Binti wa jirani aliigusa yake kwa kidole mara moja tu, ikazunguka mpaka jicho likashindwa kuifuata.

Mwalimu akaiinua koili yake, macho yakamtoka. "Ncha moja yote, ya pili nusu. Umeme unapita, unakatika, koili inamalizia mzunguko wake; usipokatika, inavutwa kurudi nyuma. Umejuaje?"

Akatabasamu. Mimi nilijua alivyojua: mapera! Kisha mwalimu akachukua yangu, akaitazama.

"Hii umeimenya," akasema, na darasa zima likacheka.

Kilichoniuma zaidi ni bibi. Bibi yangu mimi alimfungia yule mvivu senene, panzi wetu wa kukaanga, wa kula njiani, akamwita mtoto mwenye akili.

Jumamosi mwalimu na yule binti waliondoka, nikabaki jikoni namenya. Utomvu ukanikaukia kidoleni, nikausugua kwa maji, haukutoka. Hapo ndipo wazo likanijia. Nikapaka utomvu nusu ya ncha moja ya waya, nikaianika kando ya kahawa, nikairudisha kwenye pini. Ikazunguka! Bibi aliingia na kuni, akazitua, akaitazama mpaka iliposimama yenyewe.

"Kumbe na wewe ukiacha ganda kidogo unaweza," akasema, akacheka mpaka akafuta machozi.

Nilikimbia hadi barabarani. Gari lilikuwa limeshapita zamani. Jumatatu niliibeba shuleni, lakini utomvu ulikuwa umebanduka, ikatikisika kama mwanzo, na hakuna aliyeniamini.

Sasa ugonjwa wa mnyauko umeimaliza migomba ile, na jiko limeanguka. Binti wa jirani mpaka leo husimulia mota yake kwenye harusi, na hakosi mtu wa darasa letu wa kuitikia kwamba ni kweli. Namsikiliza, nyama inapoa sahanini.

Fundi wa Bilele aliponirudishia pampu, nilimwambia kwamba utotoni niliwahi kutengeneza mota, ikazunguka. Alitabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mama mtu mzima anayejisifu. Nilitamani kumwita shahidi wangu. Ninaye mmoja tu, na tulimzika kibanjani.